Goti la Kushoto

Jumapili, 8 Machi
Asubuhi Mama kaninyoosha miguu, kazi yake tangu nilipoanguka kutoka juu ya paa nikaumia uti wa mgongo. Kunja, nyoosha, kunja. Kufika goti la kushoto — kah! Tukatazamana. Akasema kitanda changu kina njaa. Tukacheka sana. Fundi vyerehani mzima, nalalia kitanda kinacholia! Nikamwomba mke wangu kopo la grisi, nikapaka kila kiungo cha kitanda nilichokifikia. Kimya sasa. Siku njema.

Jumatatu, 9 Machi
Kiatu cha kushoto hakiingii! Mguu umevimba, goti limejaa. Wa kulia nao umevimba kidogo. Siumwi — mimi na maumivu ya miguu tulishaagana. Mke wangu anasema nakaa kwenye kiti mno bila kuinua miguu. Mama anasema chumvi. Kila mtu daktari! Mama alitaka kuukanda kwa maji ya moto, nikakataa, nisije nikaungua bila kujua. Kanuna kidogo. Nimelala miguu juu ya mito. Cherehani cha jirani kimepona, kinashona vizuri mno. Nimefurahi.

Jumanne, 10 Machi
Wa kulia umenywea, wa kushoto umegoma. Una joto. Tena miguu inarukaruka yenyewe kuliko kawaida, na jasho linanitoka kichwani bila sababu. Mwili wangu siku hizi hauniambii kitu moja kwa moja, unatuma majirani. Mke wangu hakutaka maneno: hospitali, leo hii.

Daktari ni binti mpole mwenye maswali mengi. Kabonyeza kwa kidole kuona kama panabaki shimo. Kapima miguu yote miwili kwa tepu. Kakagua ngozi, visigino, kucha — hakuna kidonda. Alichoogopa ni damu kuganda kwenye mshipa, maana ikisafiri hadi kwenye mapafu ni hatari. Mtu asiukande! Mama kaficha mikono nyuma. Hofu ilinishika, nisiseme uongo.

Picha ya mishipa: damu inapita. Alhamdulillahi! Mke wangu kalia, halafu kaniambia nimenenepa.

Daktari hakuridhika. Ulianguka? Hapana. Ulijigonga? Hapana. Je, kuna siku goti lilikunjwa ukasikia mlio?

Jamani — kitanda! Bahati nzuri Mama alikuwa ametoka kununua maji. Eksirei ikamaliza ubishi: ufa kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Nikacheka mpaka daktari akashtuka. Mfupa unalia, mimi napaka kitanda grisi!

Hakumlaumu mtu. Kasema mifupa isiyobeba uzito hulegea, hata kuvaa soksi kunaweza kuivunja. Nitafungwa gango lenye sponji nene, na ngozi ikaguliwe kila siku. Mfupa utaunga. Anayeninyoosha aje Ijumaa, mtaalamu wa mazoezi amfundishe upya.

Hapo ndipo pagumu. Magoti yangu hayajakakamaa hata kidogo, na Mama hujivunia hilo kwa kila mgeni. Akijua, hatanigusa tena. Hilo linanitisha kuliko ufa wenyewe.

Jumatano, 11 Machi
Nyumbani! Gango limenikaa vizuri, uji umenishuka, wateja wamekuja kunitania. Mama nimemwambia ni mifupa tu, imelegea. Si uongo. Si ukweli wote pia. Mke wangu anasema nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa Ijumaa na mtu baki.

Mama kaingia sasa hivi, kavua bangili. Kasema mguu wa kulia ni mzima, kwa hiyo ni wake. Kaukunja taratibu, taratibu mno. Hajawahi kuukunja hivyo. Katikati kasimama.

"Mwanangu, ni mimi?"

Nimemwambia, subiri Mama, nimalize mstari huu. Anasubiri. Mguu bado kaushika, hajaunyoosha wala hajaulaza