Pini Niliyoizima kwa Maji

Walikale, Jumapili, 1952

Mvua inanyesha tangu misa ilipokwisha. Leo sikuichukia, maana imenipa kisingizio cha kukaa ndani na aibu yangu.

Niandike bila kuzunguka. Pini iliyovunjika Alhamisi niliitengeneza mimi.

Ni ile inayoshika mkono wa injini ya mvuke kwenye gurudumu kubwa, hapa kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Ya zamani ililika, na kapita wetu, msimamizi wa kazi, akaniambia nifue nyingine upesi, kwa kuwa mimi ni mtoto wa mhunzi wa Masisi. Jambo hilo huwa sichoki kulitangaza. Nikachukua kipande cha springi ya lori, nikakifua kikanyooka vizuri, kisha kikiwa bado chekundu nikakitumbukiza majini. Baba hufanya hivyo kwa kila jembe, na sijawahi kuona jembe lake likikatika.

Lakini Baba hufua chuma cha zamani, kile babu alichokiyeyusha kutoka mawe ya mlima wetu. Ni chuma laini, hakidhuriwi na maji. Cha lori ni kingine kabisa, na mimi sikujisumbua kufikiri.

Pini ilidumu siku mbili. Ilipokatika, mkono wa injini uliruka ukabomoa ukuta. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mzungu mwenye kiwanda akaja, akatazama moto, akasema mchochea moto alizidisha kuni hadi nguvu ya mvuke ikavunja pini. Basi Papa Bulaya, ambaye amelisha moto wa tangi la mvuke miaka yote bila kosa, amefukuzwa. Kesho anarudi kwao Hombo na mke na watoto wanne.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nyundo mkononi. Nikatazama chini.

Jana nilijaribu vipande viwili vya springi ile ile. Kimoja nilikizima majini, kingine nikakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Cha majivu kilipinda tu. Cha maji kilikatika kwa pigo la kwanza kama muhogo mkavu.

Ninaogopa nini hasa? Kazi nitapata nyingine. Ninaogopa kuitwa mhunzi asiyejua chuma, na hicho ni kiburi, hakina jina lingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakutuambia ya mnyamavu ina urefu gani.

Jioni mvua ilipopungua nikaenda kwa Papa Bulaya. Nilisema yote nikiwa bado mlangoni, nisije nikageuza shauri.

“Nilijua,” akasema. “Niliokota kipande siku ile ile. Ndani iko inangaa sawa chumvi. Moto haivunjake chuma vile.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja kwa mzungu.

“Nilikuwa nangoya utakuya weye mwenyewe. Tangu Alhamisi, kila mutu akipiga hodi, nasema ni weye.”

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Alinipa kiti na nikashindwa kukaa.

Siku tatu nilidhani ninajificha, kumbe ninangojewa.

Kesho, kabla king'ora cha kazi hakijalia, nitakuwa mlangoni kwa mzungu na vipande vyote viwili. Papa Bulaya alitaka tuende pamoja. Nimemkatalia. Yeye amekwisha kungoja vya kutosha.