Mafuta ya Kondoo Kutoka kwa Mama

Jumanne, Elerai

Kosa ni langu. Daktari kaniambia ini langu limejaa mafuta, lehemu kwenye damu iko juu, lazima nipungue. Nikampigia mama kule Olmotonyi, nikamwambia naumwa ini tu. Jioni akamtuma mtu aniletee chupa ya mafuta ya kondoo, yale yale aliyoninywesha nilipojifungua.

Nilikasirika. Halafu nikafungua kifuniko, nikanusa, nikajikuta jikoni kwake na mtoto mchanga mapajani. Mama alikuwa akinishika mkono kila asubuhi, akifurahi kwamba nimenenepa, watu wataona ninatunzwa.

Sikuonja. Alipopiga kuuliza, nikamwambia nimekunywa.

“Ashukuriwe Mungu,” akasema. “Kondoo mwingine yupo.”