Mkono wa Nyabise

Alhamisi, Butiama

Hiki kidude cha kupima presha nilichopewa hospitali nakichukia. Nikikivaa mkononi, namba zinaendaga zenyewe kwenye simu ya nesi huko Musoma, naye ananipigia bila hata salamu.

Leo jirani yangu Nyabise alikuja kichwa kinamuuma sana. Nikamvisha. Chumvi tunagawana, moto tunagawana, hiki nimnyime?

Simu ikalia palepale. "Bibi, presha yako imepanda mno. Njoo hospitali sasa hivi."

"Mimi nipo hapa napepeta mtama," nikamwambia. "Huo ni mkono wa Nyabise."

"Bibi, kifaa ni chako peke yako. Unatuharibia taarifa."

Taarifa. Hakuuliza hata Nyabise anaendeleaje.

"Mwanangu, wewe unalindaga namba au watu?"

Nikakata simu.

Nikapanda pikipiki na Nyabise mpaka hospitali ya Kiabakari, nimemshika kiuno asianguke. Wamemlaza. Daktari anasema tungengoja kesho, basi...

Bado nakichukia. Lakini Jumapili nitawavisha wanawake wote wa jumuiya yetu, mmoja mmoja, na yule nesi apige simu mpaka achoke.