Bia Itokayo Ukutani

Jumatatu, 4 Agosti
Glasi ya kwanza povu. Ya pili povu. Ya tatu ndiyo bia. Mbili nimezimwaga uani, kama jana, kama juzi. Pipa limo ndani ya friji chumbani, baridi kabisa. Robine, bomba la kuvutia bia, iko sebuleni. Katikati kuna hatua nne za mpira unaopita ukutani, na mpira huo ndio unaopata joto. Bia ikipita penye joto inakasirika, marehemu mume wangu Faustin alikuwa akisema. Alikuwa fundi wa friji, hasira hizo alizijua. Alisema ataufunika mpira. Akafa kabla.

Tutaondoa matanga yake Jumamosi ya tarehe 16. Ukoo wake wote utakuja hapa Mangobo. Nataka wanywe bia ya robine yake, baridi, bila povu. Sitaki kingine.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekatakata godoro kuukuu. Nimelaza mpira wa pili, mwembamba, ubavuni mwa ule wa bia. Maji ya barafu yanazunguka humo kwa pampu ndogo aliyoitoa Faustin kwenye mashine ya kufulia. Juu yake sponji, nailoni, mkanda mweusi. Miaka yote nilimshikia tochi akifanya kazi. Kumbe nilikuwa shuleni.

Umeme ulikatika saa sita, ukarudi saa tisa. Kwa nini, hatuambiwi. Sisi ni nani hata tuambiwe.

Ijumaa, 8 Agosti
Glasi ya kwanza bia! Ya kwanza! Povu vidole viwili tu juu. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Jumapili, 10 Agosti
Shemeji Anselme, kaka mkubwa wa Faustin, alikuja kupanga habari za viti na turubai. Nikamvutia glasi. Ilikuwa baridi mpaka inatoka jasho. Akaitazama. Akautazama ule mkanda mweusi unaoingia ukutani.

“Shemeki, unajua sisi tunakunywaka kitu yenye inafunguliwa mbele yetu. Hii inatoka kule mu chumba yako. Bon, si kwa ubaya.”

Akaisukuma kando. Tukaendelea kuhesabu viti. Si kwa ubaya!

Jumatatu, 11 Agosti
Sikulala vizuri. Nimekasirika na sitaki kutulia.

Desturi naijua. Hapa kwetu chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, kwa sababu sumu haina rangi. Hata mimi sinywi chupa iliyokuja imefunguliwa. Lakini Anselme amekunywa kwenye robine hii kila Jumapili, Faustin akiwa hai, mpaka tukawa tunamsindikiza nyumbani. Ukuta ni ule ule. Chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba chumbani nimebaki peke yangu.

Faustin aliuawa na presha, kwa siku tatu. Karatasi ya daktari ninayo. Nimechoka kuwa mtu anayetunza karatasi kama hiyo.

Jumanne, 12 Agosti
Nikiufunika mpira, bia ni baridi na mimi ni mchawi. Nikiufunua, bia ni povu na mimi ni mke mwema. Ndivyo walivyonipangia.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeufunua. Kazi yote ya Jumatano ile nimeikata kwa kisu cha jikoni. Majirani wamenisaidia kutoa friji na robine mpaka uani. Mpira uko uchi, unaonekana wote, kutoka kwenye pipa mpaka kwenye glasi. Nimelia, kwa hasira. Machozi ya huzuni nilishayamaliza.

Jumamosi, 16 Agosti
Walikuja wote. Jua kali, turubai halikusaidia. Nilifungua pipa jipya mbele yao, nikaonyesha kizibo. Nikavuta. Povu, kama nilivyojua. Nikanywa mimi kwanza, kama mwenye nyumba anavyopaswa, huku ukoo mzima unanitazama kooni. Mashemeji wadogo wakanywa, masharubu meupe, wakanitania kwamba nawauzia sabuni. Sawa. Nilicheka nao.

Anselme aliona yote. Aliona pipa, aliona mpira, aliniona nikimeza. Akaagiza chupa dukani. Akaifungua mwenyewe kwa meno.

Basi shida haikuwa mpira. Haikuwa hata siku moja mpira. Nikasimama.

“Papa Anselme, ulikunywaka hapa kila Jumapili. Kama uko na neno juu yangu, sema sasa, watu wote wasikie.”

Akainua chupa yake, akanywa. Hakusema. Na mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni na wanawake, hakusema pia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 18 Agosti
Friji imerudi chumbani, robine sebuleni. Mpira nimeufunga upya, sponji mbili safari hii. Hakuna aliyeniomba. Glasi ya kwanza bia.

Alhamisi, 21 Agosti
Mama mkwe amekuja peke yake, kwa miguu, kutoka kwake, mtaa wa Kabondo. Na goti lile linalomuuma. Akakaa kwenye kiti cha Faustin. Akaionyesha robine kwa kidole. Halafu:

“Faustin alikunywaka hii?”

“Ndiyo, mama. Ni hii.”

Akanyoosha mkono. Nikamvutia. Nilianza kuonja kwanza, kama desturi, akanishika kiganja, akaichukua glasi. Hakutazama ukutani. Akanywa polepole mpaka chini, akasema iko baridi, inauma meno. Nikamwambia meno yenyewe amebakiza matatu. Akacheka.

Akaomba nusu nyingine. Nikajivutia na mimi. Jioni nimeosha glasi mbili.