Neema Amesoma kwa Sauti

Jumamosi jioni

Hatimaye Neema amefungua kinywa mbele ya watoto wa mtaa. Tangu tuhamie Lubumbashi kutoka Tanga, wenzake shuleni wanakicheka Kiswahili chake, naye akaamua kunyamaza. Nilishaanza kuogopa kwamba mwanangu…

Leo alikaa barazani na kitabu chake cha hadithi. Mwadi, binti wa jirani, akaingia na wenzake wawili.

“Unasoma nini? Utusomee na shiye!” Mwadi akaomba, wasomewe nao.

Nikaganda jikoni, mwiko mkononi. Kisha nikamsikia akisoma, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kubwa, na wenzake wakicheka palipochekesha.

Akaja mbio. “Mama, beko banataka ingine!”

Wanataka nyingine, kwa Kiswahili cha Lubumbashi! Mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikumsahihisha. Nilimpa kitabu kingine, nikajifungia chooni, nikalia kwa raha.