Kinu Chako Kimefika Ofisini kwa Editha

Mama Editha,

Mwakeye, nakusalimu huko uliko. Mimi mzima, vijana bado nawashinda. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikukubali kusaidiwa.

Mtoto wako sasa ni fundi mkuu hapa Kasulu mjini, kwenye kampuni ya programu za kompyuta za maduka na zahanati. Shida yao, kila fundi alikuwa na njia yake. Akimaliza programu anamngoja mwenzake ampe mtambo wa kuijaribia, halafu anamngoja mwingine aifikishe kwa wateja. Wiki inaisha watu wanangojana tu. Editha akawajengea jukwaa moja la ndani, la mafundi wenyewe, vifaa vyote viko pale tayari, unabonyeza kazi inakwenda. Nami nikatangaza hadi Buhigwe kwamba binti yangu kamaliza shida.

Kumbe walilikataa. Editha alikuwa ametoa amri wote walitumie, wao wakarudi kwenye vijia vyao. Mwenye kampuni akasema likikaa tupu mpaka mwisho wa mwezi, analifunga. Mtoto akaja nyumbani, akakaa kando ya kinu chako, hakula.

Nikamwuliza, mama yako alimwamuru nani kuja kutwanga hapa? Kinu nilikichonga mimi, na kama kile hakuna mpaka Kibondo. Lakini mimi nilipowaita wanawake kwa sauti kubwa, kilikaa kikavu. Wewe, mke wangu, hukuita mtu. Ulikiosha, ukaweka michi miwili, ungo na chekeche, ukamwuliza kila jirani mihogo inamsumbua wapi. Wakaja. Nasikia bado mnavyocheka pale... basi, niendelee.

Editha akaondoa amri. Akaenda kukaa na Baraka, fundi mbishi kuliko wote, akatazama anakwama wapi, akaparekebisha kwenye jukwaa. Baraka akalijaribu, akawaambia wenzake, "Jamani, kazi ya kungoja wiki nimeimaliza kabla ya chai." Sasa wote wamo, na mwenye kampuni hasemi tena habari ya kufunga.

Watu nimewaambia shauri lilikuwa langu. Wewe ninyamazie, kama ulivyoninyamazia siku zote.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Kinu sitakiacha kikauke. Nakiosha mwenyewe asubuhi, naweka michi na ungo, kisha nakaa kimya mpaka majirani waje.

Mumeo,
Baba Editha