Mapadre Wamepigiana Simu

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimetoka kuungama. Nimesema yale yale: nimefoka, nimemdhania mtu vibaya, nimesali rozari huku nawaza bei ya dagaa. Padre Clementi kakohoa. Eti Tereza, hayo hayakuzuii kupokea Komunyo. Hiyo tabia utapambana nayo mpaka uzeeni, Mungu anaijua. Usirudi mpaka mwezi uishe. Nenda kapokee.

Usirudi! Padre gani anafukuza mwenye dhambi? Kuna mtu kampelekea maneno. Na anayepika nyumba ya mapadre ni nani? Rhobi. Jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Nyasho.

Jumapili, 8 Juni

Sijapokea. Nimepisha magoti, wenzangu wakapita. Rhobi naye kapita, kichwa chini, mtakatifu! Jana tu kanitukana kisa maji ya kufulia yamefika mlangoni kwake.

Njiani Lucy kaniuliza: siku ya Komunyo yangu ya kwanza utabaki kwenye benchi? Nikamwambia siku hiyo mama atakuwa safi kabisa. Akasema, na usipokuwa safi je?

Nani kamfundisha kuuliza hivi? Moyo umeniuma lakini. Mwanangu atapokea peke yake, mama yake nimekaa kama mpagani!

Jumatano, 11 Juni

Mwigobero, sokoni. Mawingu, dagaa hawakauki. Nilikuwa nimejiwekea: wiki nzima sifoki. Mteja kanusa dagaa zangu mara mbili. Basi, nikafoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda Bunda, kwa padre asiyenijua. Nyumbani nimeaga nafuata mahindi — uongo! Nikalazimika kuuungama na huo.

Padre kijana, mpole. Kasikiliza mpaka mwisho. Eti, mama, unataka kumwendea Yesu siku ambayo hutamhitaji? Hayo mapungufu nenda nayo.

Maneno ya Clementi yale yale! Wamepigiana simu hawa. Na Rhobi ana dada yake Bunda. Sijasahau.

Mahindi nimenunua kweli, nisizidishe dhambi.

Ijumaa, 20 Juni

Mama kafika kutoka Butiama na mtindi wake. Nimeuonja kwanza kabla ya kumpa Lucy. Mama kacheka. Anasema tangu mdogo ulikuwaga unakagua chakula, hata nilichokupikia mimi mwenyewe. Nikuzae upya?

Sijapenda. Sijalala vizuri pia.

Jumapili, 22 Juni, asubuhi

Nimeamka kimya. Nimeapa: leo Lucy anapokea mara ya kwanza, mdomo nafunga. Natoka nje — Rhobi kasimama kwenye kamba, gauni jeupe la Lucy liko mkononi mwake!

Nimelipuka. Unalifanyia nini gauni la mwanangu? Mchawi mkubwa wewe! Mbele ya mama, mbele ya Lucy. Siku hii!

Rhobi kanionyesha pindo. Kuku alikuwa amelichafua, yeye alikuwa analisafisha kwa kitambaa chenye maji. Nikakosa pa kuangalia.

Halafu naye akanifungukia. Eti, Mama Lucy, mimi sikupendi. Nakuchukiaga tangu ulivyohamia hapa. Kila nikiungama nakuungama wewe, Padre kachoka. Kaniambia niende nipokee hivyo hivyo, niendelee kujitahidi.

Kumbe! Kwa hiyo Padre ananisikia kila wiki kutoka kwake! Nilijua mimi, nilijua!

Ila Padre kaniambia niende nipokee. Na Rhobi naye kamwambia vile vile.

Nimeingia chumbani kuandika. Samahani sijamwomba. Kuungama hakuna muda. Safi siko, na nimetukana mtu asubuhi ya leo leo.

Kengele ya kwanza imelia. Lucy kavaa, gauni linang'aa. Kauliza tu: mama, unakuja? Na Rhobi yuko mlangoni, anasema twende pamoja, tutachelewa.

Pamoja! Anataka nini huyu?

Navaa viatu.